Ubao wa Kambambili

Wiki tatu zimepita tangu nirudishe filimbi na funguo za stoo, na Chantal ameshanitumia ujumbe mara nne. Kila mara swali ni lile lile: "Mama Safi, umeandika?" Aliniomba niandike jinsi kazi ya ufukweni inavyofanywa, kwa ajili yake na kwa ajili ya hao wawili walioajiriwa mwaka huu, maana kwetu kazi hiyo haina kitabu. Nilikuwa namjibu kwamba nina mihogo ya kupalilia. Lakini juzi ameniletea habari nyingine: patron, mwenye kituo, anataka kuondoa ubao wa kambambili. Anasema unaharibu picha za wageni. Basi mihogo itangoja.

Nieleze kwanza, kwa atakayesoma bila kutujua. Kituo chetu ni nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na viwili na jiko moja, kusini kidogo ya Rumonge. Upande wa barabara kuna michikichi, upande wa pili kuna mchanga wa hatua kama mia mbili, kisha Ziwa Tanganyika. Nilifanya kazi pale tangu nikiwa na mtoto mgongoni, mpaka mtoto huyo akaanza kunipigia simu kuuliza kama nimemeza dawa za presha. Ubao wenyewe ni mrefu kama vitanda viwili, umelala juu ya matofali pale mchanga unapoanza. Kila anayeingia majini anavua kambambili zake, yaani ndala, anazipanga juu ya ubao, vidole vikielekea ziwani. Akitoka anazichukua. Ukitaka kujua nani yuko majini, unatazama ubao. Hakuna kingine. Nitasimulia ulikotoka, na siku niliyomsamehe mtu mmoja asiutumie, ili ajue kila mtu ni kitu gani kinachoondolewa.

Siku yangu ya kwanza sikuona hata maji. Niliajiriwa kufua mashuka nyuma ya jiko. Siku ya pili mlinzi wa ufukwe akaacha kazi, akaenda Nyanza-Lac kuoa, na patron mzee, baba yake huyu wa sasa, akasema aliyepo achukue filimbi. Aliyepo nilikuwa mimi. Aliyenifundisha ni Mama Zaituni, mkuu wa jiko, mzaliwa wa mtaa wa Waswahili pale Rumonge. Babu yake alivuka kutoka Kongo zamani za Wabelgiji. Kwa cheo alikuwa mpishi, lakini hata patron alikuwa akimwomba ruhusa. Alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwani hadi miguuni.

"Unajua kuogelea?"

"Hapana, Mama."

"Ni vizuri. Anaejua kuogelea anaangalia maji. Asiejua anaangalia watu."

Nilidhani ananicheka. Lakini mpaka leo sijui kuogelea, na miaka yote hiyo mwisho wangu ulikuwa magotini. Wa kuingia majini alikuwa Kabwe, mwenye mtumbwi, Mubembe mpole ambaye angeweza kulala ndani ya mtumbwi wake, ukipiga filimbi mara tatu akaamka tayari ameshika kasia. Mimi kazi yangu ilikuwa kujua ni lini filimbi ipigwe.

Ubao ni akili ya Mama Zaituni. Ijumaa moja alinipeleka kwake kula, akanisimamisha mlangoni kabla sijapiga hodi. Viatu vilikuwa vimejaa kwenye kizingiti. "Angalia chini," akasema. "Ile ndogo ni ya mujukuu wangu. Ile ya bluu ni ya jirani, anakuja kila siku kuomba chumvi. Ile ya ngozi siijui, basi ndani iko mugeni. Bado hujaona mutu hata mumoja, lakini umejua wote. Sasa kule kazini, maji ndiyo nyumba." Kesho yake akamwomba fundi ubao uliobaki kwenye paa la jiko, tukauweka.

Ilinichukua miezi kuzoea. Kila birika la chai lilipochemka jikoni nilihesabu viatu, kisha nikahesabu vichwa majini. Vikilingana, naendelea kukunja taulo. Visipolingana, filimbi. Mara nyingi ilikuwa mtu aliyetoka na kusahau kambambili, akajificha kivulini na soda, na mimi nikaaibika kwa kelele nilizopiga. Mama Zaituni aliniambia nijizoeze kuaibika, kwamba aibu haijawahi kumzamisha mtu.

Sasa makosa ya wageni, maana ndiyo Chantal aliyotaka hasa. La kwanza ni kutazama mawingu. Mgeni akiona mbingu imefunga anasema leo hakuna jua, anavua shati na kulala. Jua la ziwani linapiga kutoka juu na kutoka chini, majini, na wingu halilizuii. Mwaka wangu wa pili alikuja muzungu mmoja mrefu, fundi wa barabara. Huyo alijiona mjanja. Sokoni alikuwa ameambiwa kwamba sisi tunapaka watoto mawese ngozi iwe laini, jambo ambalo ni kweli. Akanunua chupa nzima. Saa nne asubuhi akajipaka kuanzia paji la uso hadi unyayo, akawa mwekundu kama mchuzi, akajilaza juani. Karibu saa saba Mama Zaituni akapita na sinia la mchele, akasimama, akanusa.

"Nani anakaanga?" akauliza.

Hatukucheka mpaka tulipofika jikoni. Muzungu yule alilala kifudifudi siku tatu, nami nilikuwa nambadilishia vitambaa vya maji baridi mgongoni. Alikuwa mtu mwema, kila kitambaa alisema "murakoze", yaani asante. Nawaambia: mgeni akishika chupa ya mawese, muulize anaipeleka wapi. Mawese huku kwetu yanakutana na moto, na yeye hataki kuwa samaki.

Kisha ikaja miaka mibaya. Hakukuwa na wageni, na sisi wenyewe tulikuwa wageni kwenye nchi za watu. Siandiki habari za miaka hiyo hapa. Tuliporudi, ubao ulikuwa umechukuliwa, nadhani ulipika ugali wa mtu, na sina kinyongo naye. Mama Zaituni alirudi na miguu iliyovimba. Jambo la kwanza alilodai kwa patron lilikuwa ubao mwingine, kabla hata ya sufuria.

Baada ya hapo wazungu walipungua na wenyeji wakaongezeka: watu wa Bujumbura, na watu wa milimani, Bururi na Mugamba, kule kwenye baridi. Nawapenda sana watu wa milimani, lakini wana kosa lao, nalo ni uvumilivu. Wanashuka kwenye basi na sweta, hawavui, na hawaombi maji. Kwao mtu haombi kinywaji kwenye nyumba ya watu, anangoja kupewa. Walikuja wanakwaya wa parokia moja, wanawake ishirini, wakakaa kwenye mchanga saa mbili wakiimba vizuri mno, na kila nilipouliza kama wana kiu walinijibu hapana, asante: "Oya, murakoze." Kisha sauti ya pili ikaanguka, na sauti ya tatu ikaanguka juu yake. Tuliwalaza barazani, miguu juu ya viti. Tangu siku ile sikumuuliza tena mtu wa milimani kama ana kiu. Nilikuwa naleta jagi, namimina, nasimama pale pale mpaka anywe.

Kosa la chakula ni dogo lakini linaharibu siku. Mgeni anaogelea mpaka njaa imshike, ndipo anaagiza mukeke. Mukeke wa kuchoma hauna haraka. Mkaa wenyewe bado haujawashwa. Hapo anangoja na bia, ya kwanza, ya pili, na samaki anapofika mtu ameshakasirika na amelewa, na baada ya kula anataka kurudi majini. Huyo mumzuie. Msimzuie kwa maneno, maana mlevi ana maneno kuliko nyinyi. Mleteeni kahawa na mumwombe awasimulie kazi yake. Na agizo la samaki lichukuliwe kabla kambambili hazijapanda ubaoni. Hilo nimeliimba mpaka wapishi wamechoka nami.

Kuhusu kiboko. Patron mzee alitaka wageni wakiuliza tuwaambie hakuna viboko, wasije wakakimbia. Na sisi tuna desturi hiyo, hatupendi kumpa mgeni habari mbaya. Akiuliza kama ni mbali tunasema ni hapa tu. Akiuliza kama kuna hatari tunasema hakuna shida. Mama Zaituni alikataa. "Usiseme hakuna," akaniambia. "Sema jana alikula majani wapi." Nami nikafanya hivyo miaka yote: jana alikuwa pale kwenye matete, leo tunaogelea upande huu, na jua likianza kushuka hakuna anayekwenda kumpiga picha. Sikumbuki hata mgeni mmoja aliyekimbia. Waliketi na kuuliza zaidi. Mtu akiambiwa ukweli anaona ameheshimiwa.

Na neno moja la Mama Zaituni niliandike kama alivyolisema, maana ndilo nililolisahau. Ilikuwa mwaka wake wa mwisho kazini. Wavuvi wawili walikuwa wamekataa kuweka kambambili ubaoni, wakisema wao si wageni. Akawarudisha kutoka majini, wote wawili, wanaume wenye ndevu. "Mu ziwa hakuna mwenyeji," akawaambia. "Hapa sisi wote tuko wageni." Wakaweka. Alifariki akiwa nyumbani kwake, na siku ya mazishi viatu mlangoni vilifika hadi barabarani. Nilivihesabu, mkono wenyewe ulihesabu.

Nifike sasa kwa Mwalimu.

Miaka michache iliyopita ziwa lilipanda. Mliokuwepo mnakumbuka. Lilikula mchanga, likala safu ya kwanza ya michikichi, likafunika ghala la zamani la samaki lililokuwa upande wa kusini, nyuma ya rasi ndogo. Ghala lile halikuondoka. Kuta na nguzo za vyuma zilibaki chini ya maji, kiasi cha mkono mmoja tu. Kutoka ufukweni huoni kitu, unaona maji mazuri. Kabwe alifunga bidoni za njano, madumu matupu, pale juu ziwe alama, lakini kila upepo mkubwa unachukua moja.

Mwalimu Evariste alinifundisha darasa la tano. Zamani hizo, kila Jumamosi, aliogelea kutoka ufukwe wetu mpaka kwenye ghala na kurudi, sisi watoto tukimtazama na kuhesabu. Baadaye alikimbilia Kigoma, akaishi huko miaka mingi, akarudi, akahamia Gitega kwa mwanawe. Kiangazi kimoja nikamwona anashuka kwenye gari na mkewe, Mama Odette, na wajukuu wanne. Nilipiga goti kidogo bila kukusudia. Mimi mwenyewe nilikuwa bibi tayari, lakini mbele yake nilikuwa na vidole vyenye chaki.

Siku ya pili, baada ya chakula, saa nane hivi, watu wengi wamelala, akaja ufukweni na kaptula yake. Miguuni alikuwa na sandali za ngozi, zimepakwa rangi vizuri. Ubaoni kulikuwa na kambambili za dereva mmoja wa Bujumbura, na za wasichana watatu.

"Amahoro, Safi."

"Amahoro, Mwalimu. Uko naenda kuogelea?"

"Nitafika mpaka kwenye ghala, nirudi. Siendi mbali."

"Mwalimu, maji ilipanda. Ile ghala sasa iko..."

"Safi." Akatabasamu kama anavyomtabasamia mtoto anayejibu kabla ya kunyoosha mkono. "Mi ni mutoto wa hapa. Unanifundisha ziwa?"

Nikacheka. Hilo ndilo nililofanya, nilicheka, nikaacha sentensi yangu katikati. Akavua miwani, akanipa: "Nishikie." Nikaiweka kwenye mfuko wa aproni. Akavua sandali, akatafuta pa kuziweka. Mimi nikatazama ubao, nikaona kambambili za dereva zenye tope, nikaona aibu. Viatu vya Mwalimu wangu vikae pale, katikati ya vile? Nikazichukua kwa mikono miwili, nikazipeleka mpaka chumba namba saba, hapakuwa na mtu nje, nikazipanga mlangoni pake vizuri, visigino pamoja. Nilijisikia nimefanya jambo la heshima. Niliporudi, alikuwa ameshapita rasi.

Dakika hiyo likaingia basi dogo la familia iliyotoka Muhuta, watu kumi na mmoja na sufuria zao. Nikawa mtu wa kazi. Upepo wa kusini ukaanza, ule wa kiangazi unaokunja maji. Saa kumi nikapiga filimbi, wote watoke. Wakatoka mmoja mmoja, kila mtu akachukua zake. Chantal alikuwa na mwezi mmoja kazini. Akautazama ubao, akaniambia, "Mama Safi, iko wazi. Wote walitoka." Nami nikautazama. Ulikuwa wazi kweli, na nikafurahi, nikaanza kukunja taulo.

Ilikuwa taulo ya nne au ya tano. Nilitia mkono mfukoni kutafuta kitambaa cha kufuta jasho, nikashika miwani.

Sikupiga filimbi kwanza, na hilo nalo lilikuwa kosa. Nilikimbia chumba namba saba. Mama Odette alikuwa ameketi mlangoni akimenya karanga, na wajukuu wamekaa kimya chini, wanacheza na maganda. Nikauliza Mwalimu yuko wapi.

"Analala," akasema polepole. "Usipige kelele. Angalia, viatu yake iko hapa."

Alinyoosha kidole kwenye sandali nilizozipanga mimi. Kwa saa mbili alikuwa amewanyamazisha watoto ili babu yao asiamke. Nikasukuma mlango. Kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Hapo ndipo nilipopiga filimbi, nikapiga hata sikuhesabu tena kama ni mara tatu. Kabwe akawa anasukuma mtumbwi kabla sijafika. Nilimwambia neno moja, "Ghala," akaenda. Mimi nikaingia majini na nguo zangu, na aproni, mpaka magotini. Nikasimama hapo. Zaidi ya hapo sijui. Nyuma yangu Mama Odette hakulia; alikuwa anasema jina lake, Evariste, Evariste, kwa sauti ya kawaida, kama anamwita chakulani. Mimi nilikuwa namwomba Mungu na nilikuwa najichukia, vyote kwa wakati mmoja. Chantal aliwashika watoto.

Kabwe alimkuta nyuma ya rasi, ameikumbatia nguzo ya ghala. Alikuwa amefika pale kwa nguvu, akatafuta ukuta wa kujishikia kama zamani, na ukuta ukamshika yeye: chuma kilimchana paja. Kwa mguu mmoja, na upepo usoni, hakuweza kurudi. Alipiga kelele mpaka sauti ikaisha, lakini upepo uliipeleka upande mwingine. Kabwe alisema alikuwa ametia mkono ndani ya kamba ya bidoni ya njano, ameuzungusha mara mbili, ili akizimia asiende. Walipomtoa kwenye mtumbwi midomo ilikuwa ya kijivu, na kitu cha kwanza alichosema ni "Miwani yangu." Nilimvisha mimi. Niliiweka kombo.

Kwenye kituo cha afya walimshona, akalala siku nne. Siku ya pili nilikwenda. Mama Odette hakunijibu salamu, na alikuwa na haki. Nikasema yote mbele yake: kwamba kila mtu anaweka viatu ubaoni, kwamba vyake niliviondoa mimi, kwamba nilivipeleka mlangoni. Nikasema nilifanya kwa heshima. Mwalimu alikuwa amefumba macho, nikadhani hakusikia.

"Safi," akasema. "Darasani asubuhi, kitu ya kwanza nilikuwa nafanya ni nini?"

"Ulikuwa unaita majina, Mwalimu."

"Nilikuwa naruka ya nani?"

"Hukuruka mutu."

"Hata mutoto wa direkta wa shule?"

"Hata yeye."

"Basi," akasema, akaomba maji. Mama Odette akamimina, akampa. Kisha akamimina glasi ya pili, akanipa mimi, bila kunitazama.

Nilirudi kazini nikamwambia patron mzee anifukuze. Alisema atanifukuza siku akipata mtu ambaye hawezi kusahau tena, na kwa sasa mtu huyo ni mimi. Kiangazi kilichofuata Mwalimu alikuja tena, anachechemea. Alishuka ufukweni, akaweka sandali zake ubaoni katikati ya kambambili za watu, na fimbo yake ya kutembelea pembeni, akaingia mpaka kiunoni. Alipotoka akaniuliza kama nimemhesabu. Nikamwambia nimemhesabu mara saba.

Kwa hiyo, Chantal, na nyinyi wawili: mgeni wa kweli ana woga kidogo, na woga huo unasaidia kazi yenu. Wa kumtazama sana ni yule anayesema mimi ni mtoto wa hapa, na mwingine wa kumtazama ni wewe mwenyewe unapomwonea mtu haya. Mkubwa wa serikali, padri, shehe, mwalimu wako, baba mkwe. Hao ndio watakaokufanya ubebe viatu. Usibebe.

Nilikuwa nimefika hapa katika kuandika Jumamosi, nikaona karatasi haitoshi, nikasema kesho nitakwenda kumwambia patron mwenyewe. Njiani, ndani ya basi, nilipanga maneno. Nilimjua patron huyu tangu akiogelea na boya la mpira wa lori. Nilikuwa tayari hata kumwita kwa jina lake la utotoni mbele ya wageni.

Nilifika nikakuta ubao haupo. Matofali yamepangwa pembeni. Pale ulipokuwa pamewekwa viti viwili vya kulalia, vipya, vyeupe, vyenye mito, vimenipa migongo. Nikavua kambambili zangu, nikazishika mkononi, nikaenda zangu kuelekea majini kulowesha miguu, maana presha ilikuwa imepanda na sikutaka kuongea na mtu.

Filimbi ikapigwa nyuma yangu.

"Mama Safi. Kambambili."

Nikageuka. Chantal alikuwa amesimama kando ya kiti kimoja cheupe. Juu ya mto wake, kuanzia kichwani hadi miguuni, kambambili zilikuwa zimepangwa safu mbili, mchanga na tope na yote, vidole vikielekea ziwani. Katikati kulikuwa na jozi ya viatu vya ngozi nyeusi, soksi zimekunjwa ndani.

"Ile ni ya nani?" nikauliza, ingawa nilivijua.

"Ya patron. Iko mu maji na watoto yake. Nilimwambia ubao akiondoa, basi viatu itakaa ku viti. Akakasirika kidogo. Nikamwambia hata hivyo avue." Chantal akatazama vile viti vipya. "Kesho fundi anarudisha ubao. Patron amesema atapaka rangi nyeupe, ili iende na viti."

Nikamwambia mimi siendi mbali, naishia magotini, anajua.

"Mwalimu naye alisema haendi mbali," akasema Chantal. Hakucheka wala hakuinama kunipokea zile kambambili. Alinyoosha mkono tu kuonyesha nafasi, kando ya viatu vya patron.

Miaka yote ile nilihesabu viatu vya watu, na vyangu havikuwahi kupanda pale. Mwenye filimbi nilikuwa mimi. Wa kunihesabu hakuwepo, na sikuwahi kuliona hilo mpaka jana. Nikaziweka, vidole vikielekea ziwani. Nikaingia mpaka magotini, kisha nikaongeza hatua moja, maji yakanifika mapajani. Sikugeuka kutazama nyuma. Nilijua yuko pale, na kwamba hataketi mpaka nitoke.